Aitwaye Doa ni Mtu

Doa ni neno la nyumbani. Hutumika kwa kanzu iliyomwagikiwa mchuzi, au kwa ukuta uliovujiwa na mvua, na kila alisikiaye hujua lifanywalo baada ya hapo: doa huondolewa. Hakuna aulizaye doa lina maoni gani, wala aliombaye radhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kenya ilipokuwa ikirudi katika mfumo wa vyama vingi, neno hili lilipandishwa jukwaani katika Bonde la Ufa likapewa kazi mpya. Madoadoa sasa yalikuwa watu. Walikuwa wakulima, wenye maduka, walimu na watoto wao, ambao kosa lao pekee lilikuwa kwamba wazee wao walitoka sehemu nyingine za nchi ile ile. Wasikilizaji hawakuhitaji kufafanuliwa zaidi. Neno lenyewe lilikwisha kutoa amri.

Yaliyofuata yamo katika kumbukumbu za Afrika Mashariki. Mapigano yalizuka Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, wilayani Nandi, yakaenea katika wilaya za jirani. Mwezi Agosti 1997 ilikuwa zamu ya Likoni, Mombasa, ambako walioandamwa waliitwa watu wa bara. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto ukawaka mahali pengi kwa pamoja. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu waliyahama makazi yao. Tarehe 1 Januari 2008, wanawake na watoto waliokuwa wamekimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa moto humo humo. Kabla mwezi haujaisha, kisasi kilifika Naivasha, na watu 19 wakateketezwa ndani ya nyumba moja. Hawa wa Naivasha hawakuwako Kiambaa, wala hawakumjua aliyewasha moto ule. Walilipishwa deni la watu wasiowafahamu, kwa sababu ya majina yao.

Swali tunaloliweka mbele ya wasomaji wetu leo si nani alianza. Swali hilo limekwisha kujibiwa na kila upande kwa namna inayoupendeza. Twauliza jambo lingine: imekuwaje mtu aliyemkopesha jirani yake jembe mwezi Novemba, akamjia kwa panga mwezi Januari? Wako wanaojibu upesi kwamba hiyo ni damu, kwamba makabila ni makabila, na kwamba maji na mafuta hayachanganyiki. Jibu hili lina urahisi wake, kwani humtoa kila mtu hatiani. Lakini si kweli, na yafaa tuonyeshe ni kwa nini.

Mwaka 1970 mtaalamu wa saikolojia aitwaye Henri Tajfel alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa wavulana wa shule karibu na mji wa Bristol, Uingereza. Tajfel hakulichagua somo hili kwa kujifurahisha. Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Poland. Katika Vita Kuu ya Pili alitekwa na Wajerumani akiwa askari wa jeshi la Ufaransa, na vita vilipokwisha alikuta karibu jamaa zake wote wameuawa. Alitaka kujua ubaguzi huanzia wapi. Basi aliwachukua wavulana wa miaka 14 na 15 waliokuwa wakifahamiana, akawaonyesha vitone vilivyopita upesi mbele ya macho yao, akawataka wakisie idadi yake. Kisha kila mmoja akaambiwa yumo katika kundi la wanaokisia zaidi au la wanaokisia pungufu. Kumbe makundi yalipangwa kwa bahati nasibu tu. Katika jaribio jingine waliambiwa wamegawanywa kwa kupenda picha za mchoraji Klee au za mchoraji Kandinsky.

Halafu kila mvulana aliingia chumbani peke yake, akapewa kazi ya kugawa fedha kidogo kwa wenzake wawili. Hakuwajua kwa sura wala kwa jina, bali kwa namba na kundi lao, na yeye mwenyewe hakuweza kujigawia chochote. Hata hivyo wengi walipendelea kundi lao. La kushangaza zaidi ni kwamba mara nyingi walikubali kundi lao lipate kidogo kuliko ambavyo lingeweza kupata, mradi tu lile jingine lipate pungufu zaidi. Hapakuwa na shamba lililogombewa, wala kaburi la babu, wala lugha tofauti, wala kisa cha zamani. Mstari ulichorwa asubuhi, na kabla ya jioni ulikuwa umekwisha kuwa sheria ya ugawaji.

Hatusemi kwamba vita vya Bonde la Ufa vyaweza kuelezwa kwa vitone vya shuleni. Mle mna suala la ardhi, nalo ni zito. Walowezi waliitwaa chini ya serikali ya kikoloni. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 sehemu yake iligawanywa na kuuzwa kwa mipango ya makazi, kwa vyama vya ushirika na kwa kampuni za kununua mashamba, na wengi walionunua walitoka mikoa mingine. Wale ambao wazee wao walichunga ng'ombe katika nyanda zile waliona wamepokonywa mara mbili. Hayo ni malalamiko ya kweli, na yanastahili kusikilizwa. Lakini malalamiko ya ardhi huuliza: shamba hili alipewa nani, kwa njia gani, na kwa hati ipi? Mstari wa kikundi huliondoa swali hilo na kuweka jingine mahali pake: wewe ni wa wapi? Swali la kwanza laweza kumfikisha mkubwa mahakamani. Swali la pili huishia mlangoni kwa maskini. Ndiyo maana wanasiasa wengi hulipenda la pili.

Mstari huwa wa hatari zaidi pale unapoandikwa. Rwanda ni shahidi wetu. Wahutu, Watutsi na Watwa walikuwa na lugha moja, waliishi juu ya vilima vile vile, na koo zao, kama vile Abasinga na Abagesera, ziliwachanganya wote watatu. Tofauti baina yao ilikuwako, pamoja na dhuluma za watawala. Lakini katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilihesabu watu ikawapa vitambulisho vyenye kutaja kabila la kila mmoja, na tangu hapo mtoto alirithi neno la kwenye karatasi kama anavyorithi jina. Wakoloni walipoondoka, karatasi haikuondoka. Serikali za Rwanda huru ziliendelea nayo kwa zaidi ya miaka 30.

Mnamo Julai 1993 redio ya RTLM ilianza kutangaza mjini Kigali. Ilipiga muziki wa kuwavutia vijana, na katikati ya muziki iliwazoesha kuwasikia jirani zao wakiitwa inyenzi, yaani mende. Tuangalie tena kazi ya neno. Mende, kama doa, ana matumizi mamoja tu kwa mwenye nyumba. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, mtu aliyefika kwenye kizuizi cha barabarani alidaiwa kitambulisho, na neno moja lililopigwa chapa lilitosha kukata shauri la uhai wake. Katika muda wa siku 100 hivi, mamia ya maelfu ya watu waliangamia, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Umoja wa Mataifa uliwahi kutaja watu 800,000. Serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya milioni moja. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio ile na mhariri wa gazeti la Kangura. Hawakuwa wamepatikana na panga mkononi. Walikuwa wametumia maneno.

Basi tusidhani kwamba chuki huja ghafla kama radi. Huanza na mizani miwili. Mwenzetu akiiba, twasema ameiba fulani. Mgeni akiiba, twasema wameiba wale. Mwenzetu akifaulu, ni juhudi yake. Mgeni akifaulu, amebebwa na ndugu zake. Mwenzetu akinyamaza ni mpole, na mgeni akinyamaza ana njama. Kwa mizani hii hakuna mgeni awezaye kushinda kesi, kwa maana wema wake huhesabiwa kuwa ni wa kwake peke yake, na ubaya wake hugawiwa ukoo mzima. Mwenye mizani hiyo hajioni kuwa mbaguzi. Hujiona kuwa ni mtu mwenye kumbukumbu nzuri.

Wasomaji walio upande wa Tanzania wasije wakasoma haya kama habari za majirani. Ni kweli kwamba lugha moja, shule zilizochanganya vijana wa kila mkoa, na siasa iliyokataa ukabila hadharani vilijenga kitu cha thamani. Lakini mwaka 2013, operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu ilipopita mkoani Kagera, miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu walioishi humo kwa miaka mingi, na hata waliozaliwa humo. Serikali ina haki ya kulinda mpaka wake. Hata hivyo, lafudhi, urefu wa pua na jina la babu si hati za uraia, na raia anayekaa mpakani hapaswi kuishi akisubiri jirani yake amchongee.

Je, tunataka kusema kwamba kuipenda jamaa yako ni dhambi? La hasha. Mtu asiye na kwao ni mtu wa kuhurumiwa. Jamaa ndiyo inayotuzika, inayotuoza, inayotuchangia karo na kutufundisha lugha ya kwanza ya kumwita mama. Hata mstari baina ya watu si lazima uwe wa damu. Wazee wetu waliwahi kuutumia kwa kicheko. Mnyamwezi na Mzaramo walikutana katika njia za misafara iendayo Pwani, na Mngoni na Mhehe walikutana vitani. Badala ya kurithisha uadui, walirithisha utani. Mtani atakuambia mbele ya watu maneno ambayo mwingine angeyasema angepelekwa kwa balozi. Lakini utani una masharti mawili. Kwanza, hujibiwa. Utanaye naye ana ruhusa ile ile. Pili, una wajibu. Siku ya msiba, mtani huyo huyo huja kuhudumu na kuwafuta wafiwa machozi kwa mzaha wake. Hapo ndipo tofauti ilipo. Aitwaye doa haruhusiwi kujibu, na amwitaye doa hatarajii kufika mazikoni kwake.

Wengi hushauri kwamba dawa ni watu kukaa pamoja. Ushauri huu ni mzuri, ila haujatosha. Waliouana Bonde la Ufa walikuwa wamekaa pamoja, na waliouana Rwanda walikuwa wamekaa pamoja mno. Mwaka 1954, katika jimbo la Oklahoma, Marekani, mtaalamu Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka kambini wavulana 22 wa miaka 11 hivi, wote wa rangi moja, dini moja na hali moja ya maisha. Waligawanywa makundi mawili, wakashindanishwa kwa zawadi, na katika muda wa siku chache walikuwa wakichomeana bendera na kuvamiana vibandani. Walipokutanishwa kwa chakula wapate kusuluhishwa, walirushiana chakula. Kukaribiana peke yake kuliwapa shabaha tu.

Kilichowabadilisha ni shida iliyokuwa ya wote. Maji ya kambi yalikatika, ikawabidi waifuate njia yake pamoja watafute palipoziba. Gari la kuleta chakula likakataa kuwaka, nao wakalifunga kamba ile ile waliyokuwa wamevutania katika mashindano, wakalivuta wote upande mmoja. Kazi ya namna hiyo iliporudiwa mara kadhaa, matusi yalipungua, na siku ya kuondoka wengi walitaka kurudi nyumbani katika basi moja. Sisi wa Afrika Mashariki tunayajua mambo haya bila kwenda Oklahoma. Kisima kikikauka hakichagui kabila. Kamati ya maji, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, bodi ya shule na timu ya mtaa ni kamba za namna hiyo, ilimradi uongozi wake usigawanywe kwa ukoo, na mapato yake yasiliwe na upande mmoja. Kamba inayovutwa na wote ikamfaidi mmoja, mwisho wake ni kukatika.

Lakini huja siku ambayo kamati imekwisha kuvunjika, na mtu mwenye silaha amesimama mlangoni akisema: jitengeni. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, washambuliaji waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakawaamuru wanafunzi Wahutu wasimame upande huu na Watutsi upande ule. Wanafunzi wale walikuwa wameyaona ya mwaka 1994 kwa macho yao. Walijibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono, na baadhi yao walikufa. Hakuna aliyejitenga.

Mfano wa pili ni wa Kenya. Mwezi Novemba 2014, magaidi wa Al-Shabaab walisimamisha basi katika kaunti ya Mandera, wakawatenga wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Desemba 2015 walisimamisha basi jingine karibu na El Wak, wakatoa amri ile ile. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika, na mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi katika kukataa huko, akafariki mwezi Januari 2016. Taifa lake lilimpa nishani baada ya kifo, na kisa hiki kilitengenezewa filamu fupi iitwayo Watu Wote. Hatuamini kwamba ushujaa wa namna hii huzaliwa ndani ya dakika moja. Mtu huufanyia mazoezi kwa miaka mingi, katika mambo madogo, bila kujua kwamba anafanya mazoezi.

Mambo madogo hayo ndiyo tunayowaomba wasomaji wayaangalie. Sheria ina sehemu yake. Rwanda iliondoa kabila katika vitambulisho baada ya mwaka 1994. Kenya iliunda Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano kwa sheria ya mwaka 2008, na mwaka 2022 tume hiyo ilitangaza orodha ya maneno ya uchochezi, yakiwamo madoadoa, kwekwe na mende. Twaisifu kazi hiyo. Lakini orodha haiwezi kuyafikia maneno ya mezani, ya kijiweni, na ya makundi ya simu ambamo uvumi husafiri usiku na kufika asubuhi ukiwa umekwisha kuwa ushahidi. Huko hakuna tume. Kuna mimi na wewe.

Mwenye nyumba anayeuliza kodi italipwaje, aishie hapo. Asiulize mpangaji ametoka kabila gani. Mwajiri apime kazi. Mwalimu akisikia darasani jina la kubeza watu fulani, asilipite kwa kicheko. Nasi tuandikao magazeti tunao wajibu wetu: habari ya wizi itaje mwizi, na kabila lake lisitajwe isipokuwa pale ambapo habari yenyewe haiwezi kueleweka bila hilo. Kiongozi anayeomba kura aseme atafanya nini kuhusu bei ya mbolea, zahanati isiyo na dawa na shamba lenye mgogoro. Akianza kueleza ni nani wa kuondolewa, wasikilizaji wake na wajiulize anaficha nini. Katika historia yote tuliyoitaja hapa, hatujaona hata shamba moja lililozaa zaidi kwa sababu jirani alifukuzwa.

Mstari baina ya sisi na wao huchorwa na watu: karani wa mkoloni, mwanasiasa jukwaani, mtangazaji redioni, au mzazi anapokula na watoto wake. Kilichochorwa kwa mkono hufutika kwa mkono. Siku utakapolisikia neno linalomgeuza mtu kuwa uchafu, mdudu au gugu, usingoje kuona litakapofikia. Msahihishe msemaji pale pale, kwa upole ikiwezekana, na hata akiwa ni ndugu yako. Mwambie jina la huyo anayemsema, kazi anayofanya, na nyumba anayokaa. Kanzu huwa na madoa, na ukuta huwa na madoa. Nchi ina watu.